Ndovu wa Tairi la Nyuma

Watu wa siku hizi wakitaka tairi la pikipiki wanaingia dukani, wanataja saizi, wanalipa, wanaondoka. Hata jasho haliwatoki. Nikiwatazama kutoka nyuma ya kaunta yangu, kikombe cha chai mkononi, huwa ninawahurumia. Wamekosa mengi.

Niseme mapema kwamba mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, mwalimu akaniambia nirudi nyumbani nikashike jembe, akidhani amenikomoa. Leo nina duka la vipuri, nina nyumba za kupangisha kule Lucky Summer, na yule mwalimu, kama bado yu hai, naamini angali anafuta ubao. Simsemi kwa ubaya. Namshukuru. Angenipitisha darasa la tano, pengine na mimi leo ningekuwa mwalimu.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni nilikuwa nikikaa Dandora, mashariki mwa Nairobi, wakati Dandora yenyewe ilikuwa bado inajengwa. Watu walikuwa wamepewa viwanja vyenye choo na bomba la maji, wakaambiwa mengine wajijengee wenyewe. Basi ungeona choo cha mawe kimesimama imara, kizuri, cha kupigia picha, na kando yake familia nzima inalala kwenye mabati. Barabara zilikuwako, lakini kwenye ramani. Chini palikuwa na ule udongo mweusi wetu, ambao wakati wa jua hupasuka nyufa za kumeza kiatu, na mvua ikinyesha hugeuka kitu ambacho mpaka leo sijakipatia jina la heshima.

Katika udongo huo mimi nilikuwa nikisambaza mikate. Nilifunga kreti nyuma ya pikipiki, nikazunguka vibandani na madukani tangu alfajiri, na kabla ya watu wa ofisi kufunga tai zao mimi nilikuwa nimekwisha kuwalisha. Pikipiki yangu ilikuwa ya Kiingereza, kuukuu, iliyowahi kuwa ya mzungu mmoja mwenye shamba, kisha ya mhubiri, kisha ya mtu aliyeniuzia haraka haraka bila kunitazama machoni. Ilivuja mafuta. Walionicheka kwa sababu ya mafuta yale walikuwa wakinicheka wakiwa wamesimama kwa miguu yao, jambo ambalo nilipenda kuwakumbusha.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja Mswahili, baba yake mtu wa Pwani, mama yake sijui wa wapi, mwenye duka lililouza kila kitu kuanzia mafuta ya taa hadi sanda. Mzee huyu hakuwa na maneno mengi. Alikuwa mtu wa kutazama. Ukimpa mkate anaubonyeza, anautazama, kisha anakutazama wewe, kana kwamba anatafuta nani kati yenu ndiye wa jana. Na mzee huyu alikuwa na binti.

Sitamweleza huyo binti, kwa sababu atasoma haya na ataniambia nimekosea. Itoshe kusema kwamba nilimtuma mjomba wangu apeleke posa.

Mjomba akavaa kanzu, akaenda, akarudi na sharti. "Mzee amesema ameisikia posa," aliniambia. "Atashauriana na ndugu zake walioko Mombasa. Mpaka atoe jibu, hataki kukuona nyumbani kwake, wala dukani, wala njia ya kwenda dukani. Mikate yake uiache kwa jirani. Ukionekana kule kabla ya jibu, jibu utakuwa umejipa mwenyewe."

"Na ndugu zake watachukua muda gani?"

"Mpwa wangu, hao ni watu wa Mombasa. Wewe kaa."

Ndiyo desturi yao, na ni desturi nzuri. Mchumba aliyekwisha kupeleka posa hazururi mlangoni kwa watu akichungulia, akionekana hana subira. Mimi nilikuwa na subira nyingi sana. Niliipitisha nyuma ya nyumba yao karibu kila siku baada ya alasiri.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta njia nyembamba yenye mteremko. Nikifika juu nazima injini, pikipiki inashuka yenyewe kimya kimya kama paka, nasimama ukutani, mguu mmoja chini. Upande wa pili alikuwa akianika nguo. Nikisikia maji yakikamuliwa nakohoa. Mazungumzo yetu hayakuwa ya kutungiwa taarabu.

"Umechelewa leo," sauti ingesema.

"Cheni ilikatika."

"Pikipiki yako kila siku inakatika kitu. Siku moja utakatika wewe."

Nami ningekaa pale kidogo, nisikie shuka likipigwa upepo, kisha niachie breki niteremke hadi chini kabisa ndipo niwashe. Wakati wa kiangazi jambo hili halikuwa na hatari yoyote. Tairi langu la nyuma lilikuwa kipara kama kichwa cha mjomba, na kipara hakiachi alama. Kinaacha mstari tu kwenye vumbi, ambao ungeweza kuwa wa baiskeli, wa mkokoteni, wa mtu yeyote. Nilikuwa nimefichwa na umaskini wa tairi langu na sikujua kushukuru.

Kisha mvua zikaanza.

Asubuhi ya pili ya mvua nilianguka mbele ya vibanda, mikate ikaingia matopeni, na washauri wakatoka. Eastlands haina upungufu wa washauri. Mtu asiyemiliki hata baiskeli atakueleza tairi lako kwa saa nzima. Mmoja akasema mbele nitie lenye mistari mirefu, ili usukani usicheze, na nyuma lenye meno makubwa. Mwingine akasema hapana, meno makubwa yanabeba udongo, yanajaa, unabaki na keki ya udongo inazunguka. Wa tatu akasema kosa ni la pikipiki yenyewe, niiuze. Aliyetaka niiuze ndiye aliyetaka kuinunua.

Yule wa kwanza alikuwa sawa, nami nilijua hivyo tangu zamani, maana mambo ya pikipiki sikufundishwa na mtu. Tatizo langu lilikuwa jingine. Rimu za pikipiki ile zilikuwa za saizi ya zamani, inchi kumi na tisa, na madukani mjini wenye tairi za Kijapani waliitazama karatasi niliyoandika saizi kama ninayetafuta kwato za farasi. "Hiyo haitengenezwi tena," wakaniambia. Mmoja alikuwa nalo moja, jipya, ndani ya karatasi yake, na alipotaja bei nilimwuliza kama linakuja na pikipiki.

Nikaenda soko la Gikomba. Gikomba palikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akibandika matairi mpira mpya: analikwangua tairi kuukuu, analizungushia mpira mbichi, analipika kwenye chuma chenye mchoro wa meno, linatoka kama lililozaliwa jana. Alikuwa na tairi la saizi yangu. Alikuwa amelizungushia mpira mnene, mzuri, mweusi wa kung'aa. Ila chuma cha kupigia meno cha saizi hiyo kilikuwa kimevunjika, kwa hivyo alilipika hivyo hivyo, bila meno. Lilikuwa laini pande zote kama muhindi uliopukuchuliwa.

"Hilo utamwuzia nani?" nilimwuliza.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema.

Nikalichukua kwa bei ya kuhurumiana. Mtu mwingine angeona tairi lisilo na meno. Mimi niliona mpira mnene ambao meno yanaweza kuchongwa, na nikakumbuka kwamba jirani yangu wa ukuta kwa ukuta kazi yake ilikuwa kuchonga.

Alikuwa mtu wa kutoka Ukambani, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi siku zote. Alichonga vinyago vya watalii: twiga, swala, na hasa ndovu. Ndovu wakubwa, ndovu wadogo, ndovu waliopangwa safu moja kila mmoja ameshika mkia wa mwenzake. Nilipomwuliza amewahi kuwaona wapi, alisema hajawahi. "Lakini sijawahi kuona pia mtu aliyelalamika," akaniambia.

Nikampelekea tairi. "Jirani, naomba unitie meno hapa, yashike matope. Chonga unavyojua."

Akalipapasa. "Mpira ni laini kuliko mpingo," akasema. "Patasi italazimika kuwa moto."

"Wewe ndiye fundi."

Nikaondoka kwenda kwenye mikate yangu. Siku hiyo na ya kesho yake moshi wa mpira ulitanda kwenye plot yetu, akina mama wakatoa nguo kwenye kamba wakimlaani mtu wasiyemjua, nami nikamlaani pamoja nao. Jioni akaniita. Tairi lilikuwa limelazwa kwenye mkeka kama mgonjwa aliyepona. Kulizunguka lote, bila mwanzo wala mwisho, kulikuwa na safu ya ndovu. Masikio, pembe, mikia. Kila mmoja ameshika mkia wa aliye mbele. Wa kwanza, kama angekuwako wa kwanza, ameshika wa mwisho.

"Nilisema meno," nikasema.

"Ulisema nichonge ninavyojua." Akaweka kidole kwenye mguu wa ndovu mmoja. "Tazama kina. Hapa utateleza vipi? Kila mguu ni jino."

Na alikuwa sawa, hilo nilikiri. Nililivalisha lile tairi, nikalisugua sabuni ukingoni, nikapaka tyubu poda ili isijisokote, nikabana kwa vile vyuma viwili kama vijiko mpaka likaingia kwenye rimu, nikapampu, nikapiga teke. Pikipiki ile ilipanda matope ya Dandora kama mbuzi. Magari yalikwama. Mimi nilipita kando yake nikipunga mkono.

Halafu likaja jambo la kunipa sifa. Kila nilikopita, matopeni palibaki ndovu. Safu nzima, wametembea nyuma yangu kutoka kibanda hadi kibanda, masikio yanaonekana, mikia inaonekana. Watoto waliwafuata wakiruka ili wasiwakanyage. Vijana wa kwenye kona wakanipa jina.

"Niaje, mzee wa ndovu. Jana ulifika Kariobangi ukarudi kupitia kanisani, tumeona."

"Mkate wangu unatembea na ndovu," nikawajibu. "Wenu unatembea na nini?"

Mauzo yalipanda. Watu walianza kuulizia mkate wa ndovu. Ningekuwa nimesoma, ningeita jambo hilo matangazo ya biashara na ningeajiri mtu alisimamie. Mimi nilifurahi tu, na mtu aliyefurahi hafikirii. Kila alasiri niliendelea kuzima injini juu ya ile njia nyembamba na kushuka kimya kama paka hadi ukutani, nikiacha nyuma yangu maandamano ya ndovu ambayo hata kipofu angeyapapasa.

Mjomba alikuja kwangu akiwa hajavua viatu vya matope. Hakunisalimu.

"Mzee wa duka ameniita," akasema. "Ameniuliza swali. Nataka unijibu kabla sijamjibu. Ameniambia, 'Bwana, kuna ndovu wanaoshuka kila siku nyuma ya nyumba yangu, wanafika ukutani, wanasimama, kisha wanaendelea na safari. Mtaa una jina la mwenyewe, lakini mimi siamini midomo, naamini macho. Nikimjua, huyo binti yangu hamwoi.'"

"Wewe ulisemaje?"

"Nilisema sijui habari za ndovu. Mimi na umri wangu nimeapishwa kuhusu ndovu." Akakaa. "Ndugu zake wa Mombasa wameandika watakuja. Jibu litatoka wakifika."

Kwa hivyo mambo yalikuwa wazi. Kabla watu wa Mombasa hawajashuka kwenye treni, wale ndovu walikuwa lazima wasiwe wangu. Siku hiyo hiyo nilirudi mjini kwa yule mwenye tairi jipya katika karatasi, nikanunua. Sitataja nilichouza kulipata. Nikalivalisha, lenye meno ya kawaida, ya kiwandani, yasiyosema neno. Na kule ukutani nikaacha kwenda kabisa, jambo ambalo liliniuma kuliko bei.

Likabaki tairi la ndovu. Mwenye akili ya kawaida angelichoma. Mimi ni mfanyabiashara. Mpira mnene namna ile, uchomwe?

Palikuwa na bwana mmoja wa bima. Alivaa tai hata Jumapili, na aliuza bima ya maisha kwa watu waliokuwa bado wanatafuta maisha yenyewe. Alikuwa na pikipiki ya Kiingereza ya aina ya yangu, aliyopewa na kazi, na alikuwa akizunguka akilia tairi la inchi kumi na tisa kama yatima. Jambo jingine nililolijua juu yake ni hili: kila siku alinunua kiberiti katika lile duka la mzee, na alikuwa havuti sigara. Kiberiti kimoja, kisha maneno mengi kwenye kaunta, jicho kwenye pazia la ndani. Posa alikuwa hajapeleka. Alikuwa akipasha moto.

Nikamwita. "Bwana bima, nina tairi."

Alipoona ndovu akapiga magoti kwenye matope na suruali yake. "Hii ni sanaa," akasema.

"Kwako wewe nitakufungia mwenyewe. Bure."

Biashara halali. Alitaka tairi, nilikuwa na tairi. Nililifunga haraka haraka alasiri ile, sabuni, poda, vyuma, pampu, nikichungulia barabarani kama niliyeiba, na sikuiba. Akaondoka akigeuka kila mara kutazama nyuma, kuona ndovu wake wakimfuata. Siku mbili baadaye nikasikia habari kutoka dukani. Bwana bima alifika mbele ya duka, akashuka, akasema habari za asubuhi. Mzee akatazama chini, akatazama juu, akamwuliza, "Hawa ndovu ni wako?"

Na yeye, Mungu ampe maisha marefu aliyoyauza, akajibu kwa fahari, "Ni wangu, mzee. Mtaa mzima hakuna mwenye hawa."

Akapewa kiberiti chake. Akaambiwa asirudi.

Nisiseme uongo, usiku ule nililala vizuri.

Watu wa Mombasa wakaja, wawili, wazee wanene wenye kofia za vito, wakilalamikia baridi. Nikaitwa na mjomba. Tukavua viatu, tukatoa salamu, tukaketi. Kulikuwa na kahawa na kaimati. Nikasema moyoni kwamba hawakaangi kaimati kwa mtu wanayemkataa. Mzee wa duka alitazama kila mtu mpaka chumba kikanyamaza.

"Jibu lipo," akasema. "Lakini kwanza tutoke nje kidogo."

Akatuongoza sote nyuma, kupitia mlango wa uani, hadi kwenye ile njia nyembamba. Chini ya ukuta kulikuwa na karai limefunikwa kifudifudi, na juu yake jiwe. Akaliondoa jiwe, akafunua karai. Udongo chini yake ulikuwa umekauka vizuri bila kuguswa na mvua. Ndovu watatu, wanaonekana mpaka kucha, mmoja wao amekatika sikio, na kando yao alama moja ya kiatu, cha kushoto.

"Hii niliihifadhi," mzee akawaambia ndugu zake. "Mwenye kuja alikuja kutoka juu, akatoka kwa chini. Ndovu wanatazama wanakokwenda. Sawa?"

Wale wazee wakainama, wakakubali.

Akatuzungusha hadi mbele ya duka. Karai jingine, jiwe jingine. Sijui mtu anayekusanya nyayo namna hii alipaswa kuwa mwenye duka au askari wa upelelezi. Akafunua.

"Huyu bwana bima alikuja kutoka barabarani, akielekea mlangoni. Tazameni ndovu."

Ndovu walikuwa wameelekeza mkonga barabarani. Bwana bima amekuja mbele, ndovu wake wanakuja kinyumenyume, makalio kwanza.

"Tairi ni lile lile," mzee akasema. "Hata yule mmoja aliyekatika sikio yumo. Lakini limetolewa kwenye gurudumu moja, likafungwa kwenye jingine, na aliyelifunga kwa haraka yake amelivalisha kinyume. Nikamtumia yule bwana mtu amwulize nani aliyemfungia. Akasema, kijana wa mikate. Hapo bado sikuwa na hakika. Kisha akasema, tena hakunitoza chochote." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Hapo nikawa na hakika. Wewe mkate uliovunjika unanitoza."

Mjomba akafunika uso kwa kiganja. Mmoja wa wazee wa Mombasa alikuwa akicheka kimya kimya, tumbo lote linatikisika.

Mimi si mtu wa kukosa neno. "Mzee," nikasema, "pale ukutani sikushuka hata siku moja."

"Najua. Miezi yote nimeona mguu mmoja tu. Mtu anayekuja kuruka ukuta wa watu hutua miguu miwili." Akarudisha karai mahali pake, taratibu. "Ukutani palikuwa na ujana, na mimi niliwahi kuwa na ujana. Kwa hilo ningekuchelewesha mwaka mmoja nikakuozesha. Hili la kumvalisha mwenzako ndovu wako ndilo lililonikosesha usingizi. Binti yangu nitampa mtu ambaye akibanwa anamgeuzia jirani yake?"

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, mtu akakohoa. Kikohozi kile nilikijua. Kilikuwa changu, cha ukutani, amekiiga.

Mzee akakisikia pia. Akavuta pumzi. "Basi ni hivi. Huyo bwana yuko njiani, nimemwita. Utamwambia mwenyewe, hapa, mbele yetu. Utachukua ndovu wako, yeye utampa lile tairi lako jipya. Hao ndovu utatembea nao mpaka waishe, na kuanzia leo hapa kwangu unapitia mbele. Ukikubali, jibu ni ndiyo. Usipokubali, kaimati ni zenu, mle mwende."

Nilimweleza bwana bima habari yote, nimesimama kwenye matope, nikiwa na soksi tu kwa sababu viatu nilikuwa nimeviacha mlangoni. Alinisikiliza akiwa ameshika fundo la tai.

"Kwa hivyo mimi siku ile nilikuwa nikijibu mashtaka," akasema.

"Ndiyo."

"Na nikakubali kosa."

"Ulikubali vizuri sana."

Akafikiri. Nilitegemea ngumi, na ningeipokea. Badala yake akafungua ule mkoba wake, akatoa fomu ya bima ya maisha, akaniwekea kalamu mkononi. "Kwa namna unavyoishi," akaniambia, "unaihitaji." Mbele ya wazee wote wale ningekataaje? Nilitia sahihi. Ndiye mtu pekee katika maisha yangu aliyewahi kuniuzia kitu nisichokitaka. Tairi langu jipya kabisa akaondoka nalo, na pale dukani aliendelea kununua vitu, ila si kiberiti tena.

Tukaoana. Nilikwenda na kurudi harusini juu ya ndovu, safari hii wakitazama mbele, nilihakikisha kwa macho yangu kabla ya kupampu.

Mzee alipotoa lile sharti la kutembea nao mpaka waishe nilidhani ananionea kidogo tu, kwa ajili ya heshima yake. Sikuwa nimelipima. Mpira ule ulikuwa mnene. Mvua ndefu zikaja, mvua fupi zikaja, na ndovu walikuwa wangali wanatembea. Waume wengine wa Dandora walikuwa wakirudi nyumbani wakiulizwa, "Ulikuwa wapi?" Mimi sikuwahi kuulizwa. Mke wangu alikuwa akitoka asubuhi na kikombe chake cha chai, anasimama mlangoni, anatazama njia kulia, anatazama kushoto, kama baba yake.

"Kwa mjomba ulikaa sana jana," angesema. "Na pale kwenye kona ya pombe ulipita. Hukusimama. Vizuri."

Ndovu wakaanza kuzeeka. Kwanza yakaisha masikio, kisha pembe, kisha wakabaki migongo tu, kama mawe yaliyopangwa. Siku tairi lilipokuwa kipara tena nilifurahi kwa namna ambayo sikuionyesha. Nilimwambia mke wangu kwamba sharti la baba yake limetimia, na kwamba Jumamosi nitakwenda mjini kutafuta tairi la kiwandani, lenye meno ya kawaida.

"Sawa," akasema.

Jumamosi niliporudi kutoka kwenye mikate nilisikia harufu ya mpira unaoungua tangu barabarani. Jirani yangu alikuwa uani, patasi kwenye jiko, nyusi zimejaa vumbi jeusi badala ya lile la mbao. Magotini alikuwa na tairi la inchi kumi na tisa, mpira mnene, laini pande zote. Mke wangu alikuwa ameketi kando yake kwenye kigoda, akimwelekeza kwa kidole.

Nikauliza lile tairi limetoka wapi. Akasema Gikomba, yule bwana alikuwa bado hajatengeneza chuma chake.

"Na safari hii ni nini?"

"Twiga," mke wangu akasema. "Baba macho yake siku hizi hayaoni vizuri vitu vya karibu na ardhi. Twiga ana shingo."